Sifuri ya Kijiji cha Mzee Kioko

Jumatatu, 6 Septemba. Wote.

Siku ya tatu na faili lile lile. Wazee wa vijiji walituma hesabu kwa simu, ofisi inayopanga malori ya maji ikazimwaga zote kwenye jedwali moja, nami, mwandishi wa habari za maji, nikapewa nakala. Nambari zimeingia na uchafu wake: nafasi zisizoonekana, herufi O mahali pa sifuri, kijiji kimoja kimeingia mara mbili. Nafuta, nasahihisha, nahifadhi.

Saa tisa, humo jedwalini, nikafika kijiji cha Mzee Kioko, nje ya Kalamba. Jumla ya nyumba zilizo mbali na maji: sifuri. Wiki jana niliandika gazetini kwamba kijiji hicho hakina shida. Leo nikatazama mistari iliyo juu ya jumla. Si mitupu. "12 hivi." "9 hivi." "Kama 15." Kompyuta ikikuta neno kando ya nambari haijumlishi. Inairuka. Imeruka kijiji kizima.

Wiki jana sikusoma mistari. Nilinakili jumla.

Jumanne, 7 Septemba.

Nimempigia afisa wa malori. Kijiji kimeondolewa kwenye ratiba. Orodha ya mwezi inafungwa Ijumaa saa kumi, naye hataki kuibadilisha, kwa sababu hata gazeti lilithibitisha. Nikampigia Ndinda, mhariri wangu. Hasahihishi, kwa sababu habari yetu inalingana na orodha ya ofisi.

Kila mmoja amejificha nyuma ya mwenzake. Katikati niko mimi. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumatano, 8 Septemba.

Asubuhi nimefuta "hivi" na "kama" zote za kijiji hicho. Dakika mbili. Jumla ikatoka sitini na sita, safi. Hakuna ambaye angeuliza. Nikarudisha maneno yote mahali pake. Malori ni machache, vijiji ni vingi. Nikiweka nyumba zisizokuwepo, nyumba zilizopo mahali pengine zinakosa.

Siwezi kuacha sifuri. Siwezi kuandika sitini na sita. Nimekaa mbele ya mashine hii mpaka saa saba bila kugusa kitu.

Kisha nikampigia Mzee Kioko mwenyewe. Ni mzee wa kijiji na mzee wa kanisa. Nilimuuliza kwa nini hakutuma nambari bila maneno. Akasema watu wake wanashuka Kibwezi kufanya vibarua kwenye mashamba ya kumwagilia, wanarudi, wanashuka tena.

"Leo nyumba iko na watu, kesho iko na kufuli," alisema. "Niandike kumi na mbili na sijaziona zote? Halafu Jumapili nisimame mbele ya watu niombe?"

Lori limepita kijijini kwake mara mbili bila kusimama. Siku hizi watu wanamwita Mzee Sifuri. Alinieleza hayo akicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 9 Septemba. Kalamba.

Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi, mlango kwa mlango. Mzee Kioko anapiga hodi, mimi naandika. Jua kali. Hasemi nambari kabla hatujaufikia mlango.

Nyumba ya thelathini na moja, Mama Mwende. Alikuwa ametua mtungi kutoka kisima cha mchanga mtoni, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Ni wewe uliandika tuko sawa?"

Nikasema ni mimi. Akachota kikombe.

"Basi kunywa."

Nikanywa. Chumvi, na ladha ya udongo. Akangoja nimalize. Mzee Kioko alitazama ng'ambo. Mama Mwende akachukua kikombe chake, akasema karibu tena, akaingia ndani.

Nyumba zenye watu: hamsini na saba. Zenye kufuli: nane. Moja imeanguka. Kwa zile dakika mbili za jana ningeongeza nyumba tisa zisizo na mtu.

Ijumaa, 10 Septemba. Wote.

Ndinda amekubali marekebisho, mradi yaseme "hitilafu ya kompyuta". Nimekataa. Kompyuta haikukosea. Akasema basi jina langu litakaa hapo, na yeye hatanitetea.

Saa nane na nusu yalitoka kwenye tovuti yetu. Yanasema mwandishi alinakili jumla bila kusoma mistari. Jina langu chini. Miaka ishirini na sita ya kazi. Inauma.

Nikayapeleka ofisi ya malori kwa miguu. Afisa aliyasoma mara mbili, akauliza kama nina hakika.

"Hamsini na saba," nikasema. "Nimeziona."

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili kijiji kikaingia kwenye orodha.

Saa kumi na moja Ndinda akapiga tena. Nimetolewa kwenye habari za maji. Kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini, nitaripoti mahakamani Kitui. Sikubisha.

Jumanne, 14 Septemba.

Lori limesimama. Mzee Kioko alipiga simu saa sita. Maji yaliishia nyumba ya hamsini na tatu. Nne za mwisho zimegawiwa na majirani. Hakunishukuru, wala sikutarajia.

Nimeshinda kwenye kiti kile kile. Vijiji vilivyobaki nasoma mstari kwa mstari. Kimoja, njia ya Kathonzweni, kimeandika ishirini, ishirini, ishirini, ishirini. Jumla themanini. Hakuna nafasi, hakuna herufi, hakuna cha kusafisha. Lori huenda huko mara mbili kwa wiki.

Zimebaki siku tatu za kazi kabla ya Kitui. Nimejaza chupa ya maji na kuchonga penseli. Kesho naenda huko kupiga hodi.