Masizi Ndani ya Laptopu ya Clemensi

Kakesio, Ngorongoro
21 Juni 2009

Kwako rafiki yangu Clemensi, mzee wa migombani,

Nakusalimu wewe na tumbo lako, maana nasikia siku hizi linafika mlangoni kabla yako. Goti la kushoto linasemaje? Na shemeji Eliapenda, bado anakuvumilia au amesharudi kwao? Kama yupo, mwambie Moloimet anasema Mungu atamlipa. Mimi ni mzima. Meno yamebaki manne, ila yamekaa mahali pazuri, nyama inapita. Mke wangu Namelok anakusalimu, anauliza kama huko Marangu mmeshajifunza kunywa maziwa au bado ni pombe ya mbege tu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu ninayo, lakini ili ishike mtandao sharti nipande kilima cha nyuma ya zahanati, na nikifika juu nabaki kukohoa tu sikioni mwako. Tena jambo hili linataka kusemwa bila kukatizwa, na wewe hujawahi kuniacha nimalize sentensi. Basi vumilia mwandiko wa mtu wa darasa la nne, na nusu ya hilo la nne nilikuwa machungani.

Habari ni ya ile laptopu. Ulipofunga duka lako la kuchapa barua pale Karatu ili urudi kwenu, ulimwita mjukuu wangu Naeku, aliyekuwa anakwenda chuo Morogoro kusomea mifugo, ukamkabidhi. Hukutaka hata mbuzi. Nilitafuta neno la kukuambia nikalikosa, nikaishia kukutania tumbo. Na unajua desturi yetu Wamaasai: mtu akimpa mwenzake ng'ombe, wawili hao huacha majina yao, wakaitana Pakiteng mpaka kufa. Wewe ulitoa kitu kisicho na mkia wala kwato, wazee wakakosa jina la kukupa. Nimekuita Clemensi tu miaka mitatu, na imenikera.

Miaka yote hiyo amesoma nayo vizuri. Mwaka huu, aliporudi chuo baada ya Krismasi, mashine ikaanza kuugua. Inapata moto kama ndama mwenye homa ya ndigana, inahema, halafu inazima katikati ya neno. Na huu ndio mwaka wake wa mwisho. Anaandika ripoti juu ya ndama wetu wa hapa Kakesio wanavyokufa kwa hiyo ndigana, na mwalimu wake alimwambia asipoikabidhi kabla Juni haijaisha, anarudia mwaka. Pasaka akaja nyumbani amekonda, mashine kwapani.

Tukakaa kikao. Mwanangu Supeet, baba yake, akasema hicho kitu kimezeeka, tumwuze mtamba wa Naeku, yule mwekundu mwenye paji jeupe, tununue mpya. Naeku akasema hapana, fundi aifungue kwanza, huenda ikasafishwa na kuongezewa memori ikamfikisha Juni. Supeet akajibu, na hapa unisamehe, naandika kama alivyosema, kwamba mzee Clemensi ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara hatoi bure kitu kizima. Alitutupia mzoga wake akaenda zake Kilimanjaro akiitwa mkarimu.

Nilinyamaza. Na nilipofungua mdomo nilisema inunuliwe mpya, tena haraka, na ile ya zamani nipewe mimi nikaifukie. Wote wakanitazama. Mimi, ninayelalamika hata mbwa akimkaribia ng'ombe! Namelok akanishika paji la uso aone kama nina homa.

Naeku hakubishana. Alisema tu kwamba tutaanza kwa fundi, mnada baadaye. Tukapanda lori la mnada, mtamba nyuma, laptopu imefungwa ndani ya shuka langu, na mimi njia nzima naomba gari liharibike. Halikuharibika. Magari ya huku huharibika siku ambayo hujaomba.

Fundi anaitwa Mathias, kijana wa Qurus, ana kibanda karibu na stendi ya Karatu. Alipoanza kulegeza skrubu nikasema naenda kununua tumbaku. Naeku akanishika mkono. Kifuniko kikatoka. Clemensi, mle ndani kulikuwa kweusi kama sufuria ya msibani! Mathias akapuliza, masizi yakamrukia usoni. Feni imeziba, haizunguki. Akachokoachokoa, akatoa punje ya mkaa ndogo kama ulezi, akauliza kwa heshima kabisa kama mashine hii tulikuwa tunaichomea nyama.

Sasa vaa miwani usome polepole, maana sitarudia.

Mkaa ule ni wangu. Desemba, Naeku alikwenda Arash siku nne kumsalimia shangazi yake, akaniachia mashine niitunze, akisema kazi yake yote imo humo. Siku ya pili nikaona sisimizi wanatoka kwenye vitufe, maana mjukuu wako anakula biskuti juu yake. Nikawaza. Kibuyu cha maziwa kwetu hufukizwa kwa kaa la mti wa oloirien, ndipo maziwa hayaharibiki na wadudu hawasogei. Na hiki nacho ni chombo cha kutunza kitu kisichotakiwa kuharibika. Nikangoja Namelok aende mtoni, kwa sababu kufukiza vibuyu ni kazi ya wanawake na sikutaka kuchekwa. Nikachukua makaa, nikaifungua ile mashine kama kitabu, nikailaza juu ya moshi, na vile vitundu vya ubavuni nikavipulizia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilifanya kwa uangalifu, Clemensi. Nilifanya mara tatu. Sisimizi walihama wote.

Kwa hiyo tangu iugue nilijua. Na mwanangu alipokuita mtoa mizoga, niliacha jina lako lipakwe masizi yangu. Nilitaka mpya inunuliwe ili ya zamani isifunguliwe. Nilikuwa tayari mtoto auze mtamba wake, na wewe uonekane mwongo, ili mimi nisichekwe. Ule moshi ulikuwa ujinga tu. Kosa ni huku kunyamaza.

Nikayasema yote pale pale mbele ya fundi. Naeku alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alijua tangu Januari! Siku alipoiwasha bwenini chumba kizima kilinuka kibuyu cha bibi yake, wenzake wakauliza nani ameleta maziwa. Akanyamaza, akinisubiri mimi niseme. Na akaniambia kwamba siku akikumbuka sana nyumbani alikuwa anaiwasha tu, ipate moto, ile harufu itoke. Kwake nimeshasamehewa, alisema. Bado kwa babu Clemensi.

Mathias aliisafisha, akabadilisha feni, akaongeza memori. Akasema ni mashine imara, na mwenyewe wa kwanza aliitunza kweli, tukiacha hayo mambo ya jikoni. Nyumbani nikamweleza Supeet mbele ya watu wote. Aliinama, na amesema atakuja Marangu kukuomba radhi kwa mdomo wake. Namelok, yeye, kila asubuhi ananipangia vibuyu mlangoni, eti fundi amka.

Alhamisi nilipanda kile kilima, Naeku akapiga simu. Ripoti ameikabidhi, na ameichapa kwa mashine yako mpaka nukta ya mwisho.

Mtamba tulirudi naye kwenye lori lile lile. Naeku amesema ni wako, na mimi nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ana mimba. Ukitaka umpeleke huko akale migomba, namhurumia lakini sawa. Ukitaka abaki, nitamchunga mwenyewe, na naapa sitamfukiza.

Namaliza kwa neno nililolikosa siku ile dukani: ahsante. Ahsante kwa mashine, kwa mtoto, na kwa kunivumilia. Wasalimie wote, na goti ulipake mafuta ya kondoo. Na ukijibu barua hii usiandike Moloimet, huyo simjui tena.

Ni mimi wako,
Pakiteng