Ufunguo wa Pili wa Gari la Simel

Kitengela,
Nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Simel,

Sopa. Najua huko uliko hakuna wa kukusalimu hivyo, basi pokea hii yangu na ujiitikie mwenyewe. Hali yako? Mkeo Whitney hajambo? Na mtoto, meno bado yanamliza au yameshatoka? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Magoti ya mama, Yeyo wetu, humsumbua asubuhi, jua likipanda anayasahau na kuanza kusumbua watu wengine. Mimi sijambo kwa mwili. Kwa moyo nimekukasirikia, na nimeketi kuandika kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitakuonea huruma kama kawaida yangu.

Usishangae kuona barua. Nikikupigia simu uko barabarani na lori lako. Nikikutumia sauti unasikiliza nusu, halafu unanijibu kwa kidole gumba. Hii ataileta Purity, binti wa mchungaji wetu, ambaye anakuja huko Canada kusoma. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke mpaka umemaliza kuisoma.

Nyumbani Kajiado ni kukavu. Lemein, binamu yetu, amepeleka ng'ombe upande wa Namanga kutafuta nyasi, wamebaki wale wawili wa maziwa. Kwa hiyo Baba hana mengi ya kufanya siku hizi, na hilo ulikumbuke unaposoma habari inayofuata.

Uliponiambia niuze gari lako, nilienda kumwambia Baba siku iyo hiyo. Hakubisha. Aliniuliza tu kama umesema kwa mdomo wako mwenyewe. Nikamwekea ile sauti yako kwenye simu. Akaisikiliza, akaomba aisikilize tena, kisha akasema, "Amesema uza. Hajasema harudi." Akachukua fimbo yake akatoka. Nilidhani yamekwisha. Nilipaswa kukumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mnunuzi nilimpata hapa hapa Kitengela. Anaitwa Wanjala, mtu wa Bungoma, anafanya kazi kiwandani Athi River na amepanga karibu na duka langu la dawa. Tangu ujana wake ametamani gari la viti viwili la kufunuliwa paa. Mkewe alimuuliza watoto watatu watafungwa wapi, kwenye boneti? Hata hivyo hakumkataza, maana anajua ugonjwa wa mumewe. Ni mtu mwema lakini ni mwoga wa kuibiwa. Aliwahi kununua pikipiki, na wiki hiyo hiyo ikachukuliwa mlangoni pake na mtu mwenye ufunguo. Aliponiambia hivyo nilimhakikishia kwamba sisi si watu wa namna hiyo. Kumbuka hilo neno, maana jana lilinirudia.

Ijumaa alituwekea sehemu kubwa ya fedha benki. Jana Jumamosi tukashuka Kajiado, yeye, mimi na fundi wake Opiyo, kulichukua gari.

Simel, wewe hujaliona gari lako tangu uliache. Baba alilihamishia banda la ndama, akawatoa ndama nje kwa mvua na jua. Juu mabati, kando mabati, na gari lenyewe limefunikwa turubai na kufungwa kamba pande zote. Tulipolifunua, Wanjala alisimama akashika kichwa. Rangi yake ile ya kijani inang'aa kama siku ulipolileta kutukoga nalo. Paa la kitambaa halina hata tundu la panya. Opiyo aliingia chini, akatoka, akafungua boneti, akagonga huku na huku akitafuta kasoro ya kumpunguzia bosi wake bei. Hakupata.

Ila alipofungua milango alichungulia viti, akarudia kuvichungulia. Kisha akamwita Wanjala kando, na mimi nikasikia.

"Boss, hii kitu si kawaida. Kiti ya dere ni mpya kabisa, haijakaliwa. Lakini ya abiria imeisha, angalia, mpaka ngozi imepasuka. Sasa hii gari ilikuwa inaendeshwa na nani?"

Nikajua itabidi nieleze, ingawa nilikuwa najua nusu tu. Yeyo ndiye aliyenimalizia hadithi, akiwa amesimama na birika la chai mkononi. Kila asubuhi, baada ya kukamua, Baba hufungua turubai, akapangusa vumbi, akaingia kwa mlango wa kushoto. Anaketi kiti cha abiria. Ananyoosha mkono, anawasha injini, anaiacha ingurume kidogo kama ulivyomwelekeza, anaizima. Halafu anabaki pale. Yeyo amemwuliza mara nyingi kwa nini asikalie usukani, kwani gari haliendi popote. Humjibu kwamba kile kiti kina mwenyewe.

Wanjala aliposikia hayo alicheka kidogo kwa kulainika, na mimi nikashusha pumzi. Kisha akaomba funguo. Nikampa mmoja. Akaomba wa pili.

Wa pili haukuwepo.

Ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa Yeyo, niliuona kwa macho yangu nilipokwenda kumwambia Baba habari yako. Nikaenda msumarini, hakuna. Nikapekua kabati, nikapekua chini ya godoro, nikamwaga hata debe la mahindi. Huku nyuma namsikia Opiyo akimwambia bosi wake kwamba mchezo ni huu huu: unauziwa ufunguo mmoja, kisha mwenye wa pili anakufuata usiku. Niliporudi bandani, uso wa Wanjala ulikuwa umebadilika.

"Madam Soipan, uliniambia nyinyi si watu wa hivyo."

"Na bado nasema."

"Basi spea iko wapi? Pesa yangu iko kwa benki yenu tayari. Mimi niko na rafiki huko polisi, wacha nimpigie tuongee vizuri."

Akatoa simu. Jirani walikuwa wameshafika kwenye ua kuangalia gari, na sasa wananiangalia mimi. Mimi niliyewauzia watu dawa miaka yote hii bila kumzidishia mtu hata shilingi, nikawa mwizi wa magari mbele ya wazazi wangu, kwa mali isiyo yangu. Nilikutaja jina kwa sauti, wala si kwa wema.

Muda huo wote Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni mwa banda, shuka limemfunika hadi mikono. Nikamgeukia. Nadhani nilijua kabla sijauliza.

"Baba, ufunguo uko wapi?"

Akatoa mkono ndani ya shuka, akaufungua. Ulikuwa pale, umefungwa kwa uzi wa ngozi.

"Mimi nimeuza ng'ombe tangu sijaota ndevu," akamwambia Wanjala. "Sijawahi kupeana ng'ombe na kamba. Ng'ombe inaenda, kamba inabaki kwa boma, ndiyo ingine irudi. Wewe chukua gari. Hii ni kamba."

Wanjala akashusha simu kutoka sikioni. "Mzee, hata kwetu ng'ombe haiendi na kamba. Hiyo naijua. Lakini hii ni gari. Mtu akiwa na hiyo kitu anaweza kuja kuichukua."

"Mimi sijui kuendesha. Nitaichukua namna gani?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba, nikamkumbusha kwamba gari ni lako na umesema liuzwe. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Gari ni yake," akasema. "Kwa hivyo yeye ndiye atapeana kamba. Akuje, asimame hapa, amwekee huyu mwanaume kwa mkono. Akisema hakuna kitu inarudi kwa hii boma, nitasikia kutoka kwake."

Yeyo aliingia ndani na birika lake, chai haikunywewa.

Nilitarajia Wanjala adai fedha zake na kuondoka, na ningempa, na ningekuwa nimekwisha kwa aibu. Alizunguka gari mara kadhaa, akashika mlango wa kushoto, akaangalia kile kiti kilichopasuka. Mwishowe akasema sehemu ya fedha iliyobaki hatailipa kwanza, na vitasa atabadilisha akishindwa kulala kwa hofu. Atasubiri mpaka Krismasi. Ukija, utampa ufunguo mkononi naye atamaliza deni lake. Usipokuja, Baba atautoa mwenyewe. Baba akakubali. Wakashikana mikono mbele ya jirani wote.

Kabla ya kuondoka, Wanjala alifunua paa, akamwita Baba aingie, amzungushe hadi barabara ya Namanga na kumrudisha. Kwa heshima kabisa. Baba akamshukuru, akasema atapanda siku ukiendesha wewe.

Kwa hiyo usifikiri umeuza gari. Umeuza nusu yake. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo watu, lakini jana ulikuwepo kuliko sisi wote, na aibu yako niliibeba mimi.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa kidole gumba. Kwa nini uliniambia niuze? Ni fedha tu mlizohitaji, wewe na Whitney? Au umeamua kukaa huko moja kwa moja na huna ujasiri wa kusema? Kama ni fedha, nauli nitakuchangia, duka halijanishinda. Kama ni lile la pili, njoo ulisemee hapa. Sitalipeleka kwa niaba yako. Nimekuuzia gari, lakini hilo sitakuuzia.

Leo asubuhi kabla ya kurudi Kitengela nilipita bandani. Nilidhani Baba atakuwa amewarudisha ndama. Hajawarudisha. Amefagia. Ametia kigoda chake upande wa kushoto, ameketi, ufunguo uko shingoni. Upande wa kulia ameacha nafasi.

Nisalimie sana Whitney, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake ambaye hajawahi kumshika. Yeyo anakusalimu na anauliza kama huko mnapata maziwa ya maana. Lemein aliposikia habari alipiga simu kutoka Namanga kukusalimu. Hata Wanjala anakusalimu, amini usiamini, anasema gari linaenda kama maji.

Mungu akulinde kwenye hizo barabara zenu za barafu, na akuonyeshe na ya kurudi.

Baba hakukutumia salamu. Nilimwomba, akasema zako ziko hapa, utazichukua ukija.

Dada yako anayekupenda hata akikugombeza,
Soipan