Alama Mwanzo wa Mstari

4 Mei

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Huku wazima, hata mimi, ingawa tovuti yetu inasema nimekufa.

Uliniambia niondoe alama # kwenye mstari wa milango, katika faili la kanuni za tovuti, nikaondoa. Nikaona nyingine kwenye mstari wa juu kabisa, nayo nikaiondoa. Fundi haachi kibanzi kwenye ubao. Sasa ukifungua kurasa za milango, vitanda, makabati, kote inatoka tanzia yenye picha yangu. Muuza rangi amekuja macho mekundu, akanikuta napiga randa. Alikaa chini kwenye maranda.

Nani ameniua?

Baba yako

5 Mei

Shikamoo baba,

Afya yako? Tanzia niliiandika mimi ulipokuwa kwenye chumba cha upasuaji wa moyo. Daktari alimwambia kaka tujiandae, nami niko mbali, sikuwa na kingine cha kufanya. Alama ile huiambia kompyuta iuruke mstari. Mstari ule unapeleka kila anwani kwenye tanzia, na kompyuta husoma kuanzia juu, ikipata kanuni inayofaa haiendelei chini.

Irudishe, baba. Kisha nitafuta vyote. Nisamehe.

Binti yako

12 Mei

Kitindamimba,

Salama? Moyo wangu unadunda vizuri. Nilirudisha alama siku ileile na milango ikafunguka, ila hasira ilinizuia kuandika. Halafu nikaisoma tanzia yangu hadi mwisho. Umesema ulijifunza kuhesabu kwa misumari yangu, na kwamba hujaona mikono mizuri kama hii. Mbona hukuniambia nikiwa nakusikia?

Usifute. Rekebisha tu: milango ya shule ilikuwa ya mkangazi, si mvule. Kaka yako nimemwonyesha mstari. Siku yangu ikifika ataondoa alama yeye. Kabla ya hapo mtu yeyote asiiguse.

Baba yako

2 Septemba

Shikamoo baba,

Hamjambo nyumbani? Mkangazi niliuandika tangu ule mwezi wa tano.

Leo asubuhi nilitaka kumwonyesha mwenzangu kazini vitanda vyako, ikafunguka tanzia. Nilicheka, nikamwambia baba amepitisha msasa tena. Nikaingia kutafuta kosa. Mpangilio wa kanuni ni uleule, anwani zote ziko sawa, hakuna herufi iliyoongezeka. Imeondoka alama moja tu, ile ya mstari wa juu.

Simu yako inaita mpaka inakatika. Ya kaka inatumika kila nikipiga. Sijairudisha alama, naogopa kuigusa.

Baba, mikono yako haiwezi kuona kibanzi ikakiacha, nakujua. Sitakasirika, na wala sitakuuliza sababu. Niandikie neno moja tu, kwamba ni wewe uliyeiondoa.

Binti yako