Aliyehesabu Madoa

Nyumba ya mwisho,
Nyuma ya karakana ya useremala.
16 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Tarehe 2 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilipoteza miaka yangu tisa mbele ya kabati la kioo la makumbusho. Nitafika huko. Kwanza, hujambo? Wifi yangu na pacha wenu hawajambo? Baridi imepungua? Sisi wazima, goti la mama yako limetulia.

Sasa lile sanduku. Vipepeo 212, niliowakusanya miaka tisa na kuwapanga mmoja mmoja kila Jumapili kwenye meza yangu ya kushonea, ukawachukua ukisema, "Dada, nipe niwafikishe pazuri." Kweli wamefika pazuri. Lebo ina jina lako peke yako.

Nani alikufundisha? Ulipokuja likizo uliwaona wote ni wale wale: rangi ya chungwa, ncha nyeusi zenye mabaka meupe. Mimi ndiye niliyekuonyesha bawa la nyuma. Mwenye sumu ana madoa meusi katikati. Yule anayemwiga ili ndege wamwogope ana moja tu, ukingoni. Sikumaliza kukueleza, ukawa na haraka zako za safari. Ndiyo maana umewatoa madume wangu 38 ukawapa safu yao, eti aina ya tatu. Dume la mwenye sumu lina madoa manne, jike matatu. Ni mume na mke hao, bwana msomi. Umewaachanisha.

Mama yako anatembeza picha ya lebo hiyo mtaa mzima. "Macho ya kisomi hayo," anasema. Nikamwambia, "Shangazi, macho hayo aliyaazima kwangu." Akacheka: "Wivu utakuua wewe."

Sikatai. Ninao, tena wa kuwatosha watu watatu. Wewe una shahada mbili ukutani. Mimi shule iliniacha njiani, nikajifundisha mwenyewe, na nilichokuwa nacho ni sanduku moja.

Mtunzaji wa makumbusho kaniambia, "Mama, sisi tulimwandika aliyeleta. Akituandikia mwenyewe, tunabadilisha." Lebo za kudumu zinachapwa tarehe 30.

Shangazi anakusalimu, na fundi seremala pia. Mungu akuzidishie afya, na akupe macho ya kutambua chako na cha mwenzio.

Barua huchukua siku sita kukufikia. Nakuachia tano za kufikiri. Nipigie tarehe 27, kabla ya saa sita mchana, unijibu neno moja: utawaandikia, au huwaandikii?

Wako akupendaye hata leo,
Dada yako, binti wa mjomba