Mama, Sabina Amevaa Kaniki Yako

Mama mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kupimia damu, hospitali ya wilaya. Sabina yuko ndani. Mlango umefungwa, nami nimeambiwa nisubiri. Nimejaribu kusali, lakini kila sala naiacha katikati. Basi nimeona nizungumze na wewe, kwa sababu leo asubuhi nimefanya jambo ambalo mtu wa kunikataza ulikuwa wewe peke yako.

Unaikumbuka njia ya shamba la zamani? Kabla ya kuingia porini Baba alikata matawi ya majani, akampa kila mtu lake. Tulifuatana mstari mmoja, na kila mmoja alimpangusa mgongo aliyemtangulia, mbung'o wasipate pa kutua. Baba mbele, mimi nyuma yake, kisha Sabina, na wewe mwisho. Siku moja nilikuuliza nani anakupangusa wewe. Ulisema, "Mimi nina mgongo mgumu. Tembea." Nikatembea. Nilikuwa mdogo, nikaamini kwamba mgongo wa mama ni mgumu.

Halafu tukahamishiwa kijiji kipya, lakini mihogo yetu ilibaki kule kule ng'ambo ya pori. Baba alipofariki ukaendelea kuifuata peke yako, umejifunga kaniki nyeusi ya msiba kuanzia kifuani hadi miguuni. Nilipokuja likizo ulinionyesha jipu begani, ukasema ni mwiba. Zikaja homa, zikaondoka, zikarudi. Baadaye ukaanza kusinzia mchana, hata tonge likiwa mkononi. Wanawake wa kisimani walikutania kwamba mjane huyu lazima anaota ndoa nyingine, nawe ulicheka pamoja nao, kisha ukasinzia tena kabla kicheko hakijaisha. Tulipokufikisha hapa mjini malale yalikuwa yameshapanda kichwani. Mengine unayajua kuliko mimi.

Ambalo hulijui ni hili. Siku ya mazishi mama mkubwa Yustina aliifua kaniki yako, akaianika, akamfunga Sabina. Alisema madukani kijijini nguo hazipatikani, na mtoto kumlilia mama yake kwa nguo ya mama yake si vibaya. Wote tuliona ni vema. Mimi nilifungwa kitambaa cheusi mkononi, nikarudi mjini kwenye kazi yangu ya ukarani.

Nilikuwa nimehamishiwa ofisi ya kuzuia mbung'o. Nilifurahi, nikidhani ni kukaa mezani tu. Juma lililopita msimamizi wetu alinituma Majengo kununua kaniki. Mwenye duka akaniangalia kwa huruma, akaniuliza nimefiwa na nani tena. Nikamjibu kwamba si ya mtu, ni ya nzi. Akacheka sana. Akasema Serikali yetu kweli ina utu, mpaka nzi wanawekewa matanga. Nami nilicheka, mama.

Kesho yake tulikwenda nayo porini. Watu wawili waliibeba imetandazwa kwenye fimbo ndefu, wengine wakawafuata na vyandarua vya mkononi. Nilimuuliza msimamizi kwa nini iwe kaniki. Akanieleza bila hata kugeuka kwamba mbung'o hupenda cheusi kinachotembea, hukifuata wakidhani ni mnyama. Hatukwenda mbali. Nguo ilianza kuota madoa ya kahawia, na kila doa lilikuwa mbung'o. Walitua wakakunja mbawa zao, moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Nilitazama ile nguo ikitembea mbele yangu kati ya miti, nikauona mgongo wako. Kisha nikauona wa Sabina, kwa kuwa ni yeye anayefuata mihogo sasa. Nilikaa chini. Wenzangu walidhani ni jua.

Jana jioni niliteremka Kakese kwenye lori la mahindi, nikatembea hadi kijijini. Kwenye mkoba nilikuwa na kipande cha amerikani nyeupe, cha kumvalisha Sabina badala ya kaniki. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipomwona mama mkubwa amekaa mlangoni, naye katika kaniki yake, maneno yote yakanitoka. Unamjua dada yako. Nikala, nikalala. Mpaka leo asubuhi, Sabina alipochukua jembe na kikapu, ndipo nikasema asiende, na kwamba aivue ile nguo.

Mama mkubwa hakupandisha sauti. Aliniuliza kama siku hizi Serikali inawachagulia wafiwa nguo. Nikamweleza habari za mbung'o na cheusi, na jipu linaloota wanapoambukiza malale, kwa kigugumizi, kama mtoto anayesoma ubaoni. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Matanga hayajaondolewa," akasema. "Ukimvua sasa, unamwambia mama yako kwamba hana mtu. Unaweza kumwambia hivyo, karani?"

Nilimgeukia Sabina, nikamuuliza kama ana jipu popote. Akatazama chini. Mama mkubwa akamvuta, akateremsha ncha ya kaniki. Lilikuwepo, juu kidogo ya titi la kushoto, jekundu, gumu katikati. Sabina akasema ni mwiba.

Sijui kama kule uliko mnasikia. Kama mnasikia, ulimsikia akitumia neno lako.

Mama mkubwa alichukua amerikani mkononi mwangu, akaikung'uta, akamzungushia Sabina juu ya kaniki, akalikaza fundo mwenyewe. "Hajavuliwa," akasema. "Amefunikwa." Kisha akaenda kukata matawi.

Alitusindikiza kwenda barabarani. Sabina alitangulia, mimi nikampangusa, na nyuma yangu nikasikia tawi la mama mkubwa likipita mgongoni mwangu, shaa, shaa. Tulikuwa tumefika kwenye miti minene nilipogundua kwamba nyuma yake hakuna sauti yoyote. Niligeuka. Kwenye bega lake, juu ya ile nguo nyeusi, walikuwa wamekaa mbung'o wanne au watano, wametulia kama wako kwao. Nikawafukuza, nikamwomba apite mbele yangu. Akakataa, akasema mkubwa ndiye hufunga njia kwa nyuma.

"Mama naye alikuwa anafunga njia," nikamwambia.

Sijawahi kumjibu mtu mzima namna ile, nilingoja kofi. Akapita.

Barabarani, lori liliposimama, nikakumbuka kwamba lazima arudi njia ile ile peke yake. Nilivua shati langu jeupe la kazini nikamtandika mgongoni, nikaifunga mikono ya shati chini ya kidevu chake. Akasema, "Haya, karani wa Serikali anaingia mjini na fulana." Lakini hakulivua. Nilimwangalia mpaka vumbi lilipomziba, mgongo mweupe, tawi likipita bega hili na bega lile.

Ndiyo maana nimekaa hapa na fulana, mama, wewe uliyekuwa hunitoi nyumbani mpaka umekagua vifungo. Watu wananitazama, acha watazame. Ninachoogopa ni mlango huu. Naogopa wataniambia lile neno walilotuambia siku yako, kwamba tumechelewa.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa nimerudi. Mlango ulifunguliwa. Mpimaji alitoka na miwani mkononi, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema mimi ndiye mkubwa wake. Akasema vijidudu vimeonekana kwenye damu. Akasema keshokutwa watapima na maji ya mgongo, lakini kwa anavyouona mwili na akili zake, anadhani havijapanda. "Umemleta mapema," akasema. Nimelirudia neno hilo kimya kimya hadi limeanza kupoteza maana, kisha nikalianza upya. Sindano zinaanza leo. Ni kali, amenionya, na bado siwezi kusema kwamba nimetulia.

Kaniki yako Sabina alivuliwa ndani ili apimwe, nami sikumrudishia; nimeikunja ndani ya mkoba. Matanga yataondolewa kwa siku yake, nami nitakwenda nayo. Nisamehe kama ulitaka iwe vingine, ila sidhani kama ulitaka.

Muuguzi anatuita wodini. Ujia ni mwembamba, mtu hupita mmoja mmoja. Sabina amesimama ananingojea niongoze. Nimemwambia atangulie.

Kwaheri, mama. Pumzisha mgongo.

Mwanao wa kwanza,
niliye nyuma ya Sabina