Effie Dalvorrie na Kamba ya Pili

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokushusha kwa kamba nane katika makaburi ya Port Skerran, upepo wa baharini ukitupiga usoni na mjomba amenuna. Wengine huweka tangazo kama hili kwa picha na maneno mawili matatu. Sisi tumeomba nafasi kubwa gazetini, kwa sababu hukutulea tuseme mambo nusunusu.

Tuanze na ugomvi, maana wewe ungeanza nao. Ndugu yako Lachlan alinipigia simu mwezi uliopita.

"Mairead, nasikia mnaandika kumbukumbu ya mama yako."

"Ndiyo, mjomba."

"Vizuri. Lakini nikiliona jina la yule mwanamke wa basi hapo chini, kwenye majina ya ndugu, langu liondoeni."

"Anaitwa Winsome Dalvorrie, mjomba."

"Najua anavyoitwa. Na wewe usinifundishe kuhusu Dalvorrie, wewe ni Rankine kama baba yako."

Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizungumza na wewe kichwani nikiosha vyombo, na kila mara unanijibu jambo lilelile, kwa sauti ileile ya jikoni.

Nusu ya watu wa pwani hii wanakukumbuka kwa jiko la shule. Ulisimama nyuma ya sufuria la supu ya shayiri, mikono myekundu kwa mvuke, na kila mtoto mgeni aliyekuja na sahani yake ulimuuliza, "Wewe wa wapi?" Hukuuliza wa nani. Mtoto wa daktari na mtoto wa wale wanaohamahama na magari yao ya kulala walichotewa kwa upawa mmoja, na aliyeshindwa kujibu ulimwongezea viazi. "Kula kwanza, utakumbuka baadaye."

Ulikuwa na vituko vyako. Ukifika mji usioujua, kabla hata ya chai, unataka kuonyeshwa makaburi. Baba alikungoja getini na sandwichi zake, akiwaambia wapita njia kwamba yeye alioa mkaguzi wa marehemu. Na kila asubuhi ya Mwaka Mpya ulikuwa unawapigia simu kina Dalvorrie usiowajua, Glasgow, Kanada, popote ulipowapata. "Mimi ni Effie Dalvorrie. Hatujuani. Heri ya Mwaka Mpya. Nyie mliondoka lini?" Wengine walikata wakidhani wewe ni mmoja wa wale wanaouza madirisha kwa simu. Yule wa Dunedin, kule New Zealand, mliongea mpaka uji ukaungua. Alikuwa mfugaji wa kondoo. Ulimwambia kondoo ndio waliotufukuza, na ulimcheka mpaka yeye mwenyewe akaanza kuwaomba radhi babu zake.

Maana jina letu, Mama, ulitusimulia kama ulivyosimuliwa na bibi yako, bila kulipaka rangi. Dalvorrie ilikuwa nyumba chache za mawe juu ya bonde. Hakukuwa na ukoo mmoja pale. Kulikuwa na wana wa mzee mmoja, Angus, na mjane aliyetoka visiwani na watoto wake, na fundi mabati mmoja aliyekwama kwa theluji akaishia kuoa. Mwenye ardhi akataka bonde lake kwa ajili ya kondoo. Wakachomewa mapaa, wakateremka mpaka pwani na vyungu mgongoni. Pale ufukoni alikuwepo karani wa mwenye ardhi, anaandika majina.

"Wewe nani?"

"Wa Dalvorrie."

"Nimekuuliza jina, sijakuuliza ulikolala."

"Ndilo hilo."

Wa pili akajibu hivyo. Wa tatu naye hivyo. Karani akatupa kalamu. "Acheni ujinga. Haiwezekani nyote mkawa ndugu."

Yule mjane wa visiwani akamwambia, "Tumekuwa ndugu tangu juzi, ulipotuchomea nyumba. Andika."

Akaandika. Ulipofika hapo kwenye kisa ulikuwa unagonga meza, vikombe vinaruka, na Baba anashika chake kabla hakijamwagika. Sisi hatukurithi jina kwa babu yeyote. Tulilichukua wenyewe, wote kwa pamoja, ili asitokee mtu siku moja akasema kule juu hakukuwa na watu. Kisha likasambaa kwa sababu pwani haikuwa na chakula cha kutosha. Wengine wakaenda kujenga meli Glasgow, wengine wakapanda meli hizohizo.

Kumbe Chama cha Ukoo kina kisa kingine. Mjomba Lachlan ndiye mwenyekiti, na alitundika ubao kwenye mlango wa kanisa unaosema jina letu lilianza na bwana mkubwa mmoja aliyekuja kutoka Ufaransa na farasi na upanga. Ulimuuliza mbele ya waumini, "Lachlan, huyo bwana alilala nyumba ipi kule juu? Nazijua zote, na hakuna mlango anaopita farasi." Watu walicheka, naye akawa mwekundu mpaka kwenye kola. Sisi tulijua, na wewe ulijua kuliko sisi, kwamba shuleni walimzomea kwa viatu vya kuazima. Mtu aliyezomewa kwa viatu anataka babu mwenye upanga. Ulimpenda kwa hilo. Hukumwachia uongo kwa hilo.

Halafu ukapanda basi la Inverness.

Struan, kaka yangu, alikuwa na wewe siku ile, na bado anaigiza sauti zenu. Ulisimama mlangoni unatoa tiketi, ukaona jina kwenye kifua cha dereva, mwanamke mweusi wa makamo, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.

"Hilo jina umelipata wapi?"

"Kwa baba yangu, naye kwa baba yake. Wewe tiketi yako umeipata wapi?"

"Mimi pia ni Dalvorrie."

"Aha." Akakutazama juu mpaka chini. "Basi kaa, ndugu yangu, gari linaondoka. Watu wana kazi."

Ulikaa kiti cha nyuma yake mpaka mwisho wa njia, ukarudi naye mpaka mwanzo, ukaenda naye tena. Struan alishuka akaenda kununua mkate. Uliporudi nyumbani hukuvua koti. Winsome alikuwa amekueleza kwamba kwao, Jamaika, kuna kijiji kizima cha kina Dalvorrie. Mmoja wa watoto wa wale waliochomewa nyumba alivuka bahari akawa msimamizi wa mashamba ya miwa. Watumwa waliokuwa chini ya kiboko chake waliandikiwa jina lake, wapende wasipende.

"Tulinyang'anywa bonde," ulisema, ukiwa bado na koti, "tukaenda kuwanyang'anya wenzetu hata majina. Na mimi nimekuwa nikipiga simu kila Mwaka Mpya kama mtu mwenye haki." Ulilia, Mama. Hatukuwa tumezoea kukuona unalia, na hatutaficha kwamba ulilia.

Jumapili iliyofuata ulimpeleka juu bondeni. Mimi niliendesha. Winsome alizunguka kuta zile zilizobaki, buti zake zimelowa, kondoo wanamtazama kama wanavyomtazama kila mtu.

"Kwa hiyo hapa ndipo mlipofukuzwa."

"Ndipo."

"Na mmoja wenu akaja kwetu na kiboko."

"Ndiyo."

Akangoja. Upepo ulikuwa mkali, na mimi nilitamani mtu aseme kitu cha kupoza moyo. Hukusema. Winsome akavuta pumzi. "Kila mtu niliyemwambia habari hii katika nchi hii amenijibu ndiyo, halafu akaongeza lakini. Wewe umeishia kwenye ndiyo." Kisha akakaa kwenye jiwe la kizingiti, akatoa chupa ya chai. "Mimi sikuja kuomba undugu, Bi Effie. Jina ninalo tayari. Nilitaka tu kuona lilikotoka." Mkanywa chai ile kwa kifuniko kimoja. Iliyobaki ni miaka sita ya kugombana kuhusu pilipili kwenye supu, na kila mtu pwani hii anaijua.

Ulimkaribisha kwenye chakula cha kiangazi cha Chama. Mjomba akasimama mlangoni na kilti yake, ile sketi ya wanaume wa kwetu, na soksi zake nyeupe. "Effie, usinitie aibu. Chama hiki ni cha watu wa damu."

"Damu ipi, Lachlan? Ya mjane au ya fundi mabati?"

"Unajua ninachosema."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza kwa sauti."

Ukaivua beji ya Chama kifuani, ile yenye upanga, ukapita mpaka meza kuu, ukaichomeka katikati ya pudingi ya zabibu kavu, ukaondoka na Winsome mkono kwa mkono mkaenda kula samaki na chipsi kwenye ukuta wa bandari. Beji ilioshwa ikarudishwa kwa posta. Ukaitupa kwenye pipa la mabaki ya kuku.

Ulipolazwa ukijua hurudi, kitu ulichopanga kabla ya kingine chochote kilikuwa kamba. Kwetu jeneza linashushwa na ndugu wenyewe, kila mmoja na kamba yake, na kila mmoja anapewa kadi yenye namba. Ya kwanza kichwani, ya pili miguuni, nyingine ubavuni, na kijiji kizima kinasimama pale kinatazama nani kapewa nafasi gani. Watu wamewahi kuacha kusalimiana kizazi kizima kwa sababu ya kamba.

"Ya kwanza wewe, Mairead. Ya pili Winsome."

"Mama, ya pili ni ya mjomba. Ni kaka—"

"Ni mdogo wangu, na najua ni nani. Mpe ya tatu, ya begani. Nilimbeba mgongoni mpaka akaenda shule. Bega langu analijua."

Tulifanya ulivyosema. Mjomba alipopewa kadi yake aliitazama, akaitia mfukoni, akaenda kusimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Mzishi akasoma namba. Ya kwanza, nikashika. Ya pili, Winsome akashika, akiwa na koti lake la kazini kwa sababu ndilo jeusi alilokuwa nalo. Ya tatu. Kamba yako ya begani ililala kwenye majani, Mama, na wewe uko juu ya mbao zilizolazwa kwenye mdomo wa kaburi, na watu wote wanatazama viatu vyao. Mzishi akasoma tena. Mchungaji akakohoa.

Winsome hakuinua sauti. "Mzee Lachlan. Mambo ya jina tutagombana kesho, nipo, natoka kazini saa kumi. Sasa hivi mbao zikitolewa, dada yako ataenda upande. Njoo ushike."

Sijui alitembeaje, maana nilikuwa natazama kamba yangu. Nilichoona ni mikono ya mjomba, ile yenye madoa kama yako, ikiizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja kama wavuvi wanavyofanya. Mbao zikatolewa. Ulishuka sawasawa, Mama, hukugusa ukuta wowote. Na alipoiachia alikuwa analia kwa sauti, jambo ambalo tangu siku ile anasema lilikuwa mafua.

Wiki hii tumesimamisha jiwe lako. Kama ilivyo kwa wanawake wa kwetu, umerudi kwenye jina ulilozaliwa nalo: Effie Dalvorrie, mke wa Neil Rankine. Chama kilitaka kuchonga ule upanga juu, kikaleta na mchoro. Tumeurudisha. Chini ya jina lako kuna maneno mawili tu, "Wa Dalvorrie", na hayo karani yeyote akipita ayaandike.

Winsome alikuja kuliona na chupa yake ya chai. Tulimwambia pana nafasi kando yako akiitaka. "Mimi nizikwe kwenye baridi hii? Nitazikwa kwetu, juani, na miguu yangu ikiwa imepata joto." Akanywa, akafikiri. "Ila niwekeeni. Ili mjomba wenu akose usingizi."

Kuhusu mjomba: tangazo hili atalisoma, kwa sababu hajawahi kukosa gazeti la Ijumaa. Aliniambia mimi ni Rankine, na ni kweli. Jina la Dalvorrie silibebi. Ninachokilinda ni kamba nilizokabidhiwa na wewe. Jina la Winsome lipo hapa chini, na la mjomba lipo pia, na tumeyapanga kama ulivyoyapanga wewe. Akitaka lake litoke, aje asimame mbele ya kijiji kizima aseme kwamba siku ile hakushika.

Unakumbukwa na:
kamba ya kwanza, binti yako Mairead Rankine;
kamba ya pili, ndugu yako Winsome Dalvorrie;
kamba ya tatu, mdogo wako Lachlan Dalvorrie, aliyeshika;
kamba ya nne, mwanao Struan;
na wajukuu, majirani na wapishi wenzako walioshika zilizobaki.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na hatutamwomba mtu ruhusa.