Riwaya ya Mjane

Jumapili, mwisho wa Novemba. Chanika.

Afadhali yangekuwa macho, ningenunua miwani.

Mwezi huu nimesoma vitabu vitatu, au ndivyo nilivyodhani. Kile cha safari kilinichosha. Cha mashairi nilikipenda. Leo alasiri nikaanza riwaya ya mjane anayegombania shamba na mashemeji zake, nikamwita mke wangu nimsomee kipande kilichonifurahisha.

Akaniangalia. "Baba Zuhura, hicho si ulikimaliza juzijuzi? Ulinisomea hapohapo."

Nikabisha. Akasema mjane atashinda kesi, kisha shamba ataliuza. Nikafungua kurasa za mwisho. Ni kweli.

Sikumbuki hata mstari mmoja.

Marehemu mama, kule Kabuku, alianza hivihivi. Mwishoni alikuwa ananiamkia shikamoo, akidhani mimi ni baba yake.

Naogopa. Zuhura yuko Korogwe na sijamwambia. Nilimwuliza mama yake, "Nikikusahau wewe je?"

Alisogeza kigoda, akanishika mkono. "Nisomee tena."

Nikasoma. Akacheka kana kwamba anakisikia kwa mara ya kwanza, lakini mkono wangu hakuuachia.